AC inakata, mshale wa temperecha unaruka: ugonjwa mmoja au miwili?

Hakuna ugonjwa wa gari unaokula hela za watu kama ule unaokuja na kuondoka. Gari ikizima moja kwa moja fundi anaitafuta shida anaipata, lakini hii ya AC kupuliza baridi safi hapa Dar kutoka Posta mpaka Ubungo, alafu ukiingia foleni ya Kimara inaanza kutoa joto na mshale wa temperecha nao unajipandia kidogo kidogo, foleni ikifunguka kila kitu kinarudi sawa, kesho asubuhi unampelekea fundi na gari inapuliza baridi kama friji, hapo ndo watu wanauziwa gesi, sensa, themostati (ile valvu inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakipata moto), rejeta na mwisho kompresa nzima ya mtumba, yaani pampu ya gesi ya AC, na ugonjwa bado upo palepale. Mimi nimepita hiyo njia. Nilijaza gesi mara tatu ndani ya miezi minne, nikabadilisha sensa ya temperecha, nikatolewa themostati na fundi mmoja aliyeniambia nchi ya joto haihitaji kile kidude, na gari ikawa mbaya zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye yuko pale nilipokuwa, kabla hajatoa hela nyingine.

Kitu cha kwanza, AC na upoozaji wa injini sio idara mbili. Mafundi wake ni wawili ndio, wa gesi yuko kijiwe chake na wa injini yuko chake, na kila mmoja anaangalia kwake tu. Ila fungua boneti uangalie mbele. Kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta nyembamba, imekaa mbele ya rejeta yenyewe, zimebanana, na feni ni zilezile zinazovuta hewa ipite kondensa kwanza alafu rejeta. Joto lote ambalo AC imelitoa kwenye kabini linatupwa pale kwenye kondensa, na hewa iliyopashwa pale ndo hiyohiyo inaenda kupooza maji ya injini. Feni ikilegea, AC inakosa baridi na injini inachemka, yote kwa pamoja. Alafu kuna kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, ambayo inasoma joto la maji, na ikiona injini imepata moto kupita kiasi inakata kompresa makusudi ili kuipunguzia injini mzigo. Kwa hiyo AC kukata inaweza kuwa ni gari inajiokoa, na wewe unaenda kujaza gesi.

Sasa kabla ya kugusa kitu chochote angalia tabia ya mshale. Unapanda taratibu au unaruka? Hili swali peke yake linagawa magonjwa makundi mawili. Gari ndogo ina maji kama lita 6 kwenye mfumo, na kupasha lita 6 za maji kwa nyuzi 1 tu kunataka kilojuli kama 25. Ili maji hayo yapande nyuzi 40 ndani ya sekunde moja ungehitaji moto wa kilowati 1000, wakati injini ya cc 1500 nguvu yake yote ni kilowati 80 hivi. Haiwezekani kabisa. Kwa hiyo mshale ukiruka ghafla kutoka katikati kwenda juu alafu ukaanguka tena, yale sio maji, ni umeme: waya, kiunganishi cha sensa, erthi, au geji yenyewe kwenye dashibodi. Mshale unaopanda pole pole kwa dakika kadhaa ukiwa foleni na kushuka pole pole ukitembea, huo ni wa kuamini, joto lipo kweli.

Kuna kesi moja tu inayovunja hiyo kanuni na ndio ya hatari kuliko zote, kwa hiyo naomba uishike vizuri. Maji yakipungua mpaka sensa ikabaki kwenye hewa au mvuke, mshale unaweza kuanguka ghafla mpaka kwenye baridi wakati injini inaungua. Sensa imetengenezwa kupima maji, ikikaa kwenye hewa inasoma uongo. Dereva anaona mshale umeshuka anashukuru Mungu anaendelea kukanyaga mafuta, kilomita tano mbele silinda hedi imepinda. Ukiona mshale umeanguka wakati gari ilikuwa inapata moto, washa hita ya ndani ifike mwisho: ikipuliza hewa ya baridi maana yake maji ya moto hayafiki kwenye hita, simama pembeni zima injini. Na ukisikia sauti ya maji yanayomwagikamwagika nyuma ya dashibodi wakati unawasha gari asubuhi, hiyo ni hewa imeingia kwenye mfumo. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe. Ule mfuniko unabana presha kama baa 0.9 na kwa presha hiyo maji yanachemka karibu nyuzi 119 badala ya 100, ukiufungua yakiwa nyuzi 110 yanageuka mvuke palepale usoni kwako. Na mfuniko wenyewe ukichoka mpira, unashindwa kubana, maji yanapotea kidogo kidogo bila kuona tone chini, na hapo ndo hewa inapoingilia.

Geji nazo zina siri yake. Kwenye magari mengi ya Kijapani mshale hausemi ukweli wote, umepangwa ukae katikati kuanzia kama nyuzi 75 mpaka zaidi ya 100 ili dereva asihangaike, kwa hiyo ukianza kuuona unapanda juu ya katikati injini tayari iko mbali. Na gari kama Passo hazina mshale kabisa, kuna taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya injini iliyochemka, katikati hapo huoni kitu. Ndo maana kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari kwa Bluetooth kwenye simu kina thamani kuliko gesi ya mara moja. Unaona namba yenyewe, nyuzi 88, 93, 97, na unaona feni inawaka kwenye ngapi. Magari ya zamani kidogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yanaweza yasikubali kuongea nacho, lakini jaribu.

Nirudi kwenye foleni sasa. Joto likipanda ukiwa umesimama na kushuka ukitembea, shida iko upande wa hewa: feni haizunguki, au inazunguka kivivu, au kava yake limetolewa, au kati ya kondensa na rejeta kumejaa vumbi, majani na wadudu mpaka hewa haipiti. Hapo katikati kwa mbele hupaoni, lazima ulegeze rejeta uchungulie kwa tochi. Joto likipanda kwenye mlima au barabara kuu kwa spidi, mfano unapandisha Kitonga na abiria watano na AC iko juu, wakati kwenye foleni gari haina neno, hapo usihangaike na feni kwa sababu upepo wa barabarani unatosha. Tafuta upande wa maji: rejeta imeziba ndani, wota pampu mabawa yameliwa, themostati haifunguki yote, mpira wa chini unanywea ukivutwa, au silinda hedi gasketi imeanza. Nimeona watu wananunua rejeta mpya kwa ugonjwa wa foleni na feni mpya kwa ugonjwa wa Kitonga. Inauma.

Na ile habari ya kutoa themostati. Kwenye injini nyingi za Toyota za familia ya NZ na ZZ themostati inaanza kufungua kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, ukiwa kwenye spidi maji yanapoa kupita kiasi, kontroli boksi inadhani injini bado baridi na inaongeza mafuta, unakunywa petroli bila sababu. Tena kuna injini ambazo themostati yake ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato maji yakishapata moto, ukiitoa hiyo njia inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na unaweza kuchemka kwenye foleni kwa kitu ulichotoa ili usichemke. Mimi yangu ilirudishwa mpya na mshale ukatulia upande wa barabara kuu, ila foleni ya Kimara ikabaki vilevile.

Sasa gesi. Gesi ya AC haiishi kama mafuta, mfumo umefungwa, ikipungua kuna mahali inavuja, na anayekujazia bila kutafuta pa kuvuja amekukopesha baridi ya mwezi mmoja. Gari ndogo nyingi zinabeba R134a kama gramu 350 mpaka 550 tu, kiasi chenyewe kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti, kwa hiyo inatakiwa ijazwe kwa mizani, sio kwa kupapasa bomba na kusema imeshakuwa baridi. Kwa sababu gesi ikizidi ni ugonjwa uleule kama feni mbovu: presha ya upande wa juu inapaa. Kwa Toyota nyingi upande wa juu unatakiwa kucheza kwenye paundi 200 hadi 230 hivi na wa chini 20 hadi 35, jua la Dar likiwa kali wa juu unazidi hapo, na swichi ya presha inakata kompresa ikifika karibu paundi 455 upande wa juu, au ikikuta upande huohuo wa juu uko chini ya 28 maana yake gesi imekwisha. Mara zangu tatu za kujaza, kila fundi aliongeza juu ya iliyokuwepo. Nilikuwa napeleka gari kwenye ile 455 kwa hela yangu mwenyewe.

Alafu kuna AC inayokata kwa saa, haijali foleni wala barabara. Unawasha, dakika 15 baridi safi, alafu joto, ukizima dakika kumi ukiwasha baridi inarudi. Hapa sikiliza upepo wenyewe. Kama upepo umepungua nguvu na sio baridi tu iliyopotea, evapereta, ile rejeta ndogo ya baridi nyuma ya dashibodi, imeganda barafu, hewa haipiti, na ukiizima barafu inayeyuka na maji mengi yanamwagika chini ya gari. Hiyo ni sensa ndogo ya evapereta imedanganya, au filta ya kabini imeziba, kaiangalie kwanza hiyo filta maana wengi hawajui hata kama ipo. Kama upepo una nguvu ileile lakini umekuwa wa joto, inawezekana kuna unyevu ndani ya mfumo, tone la maji linaganda kwenye tundu dogo la valvu ya kupanulia gesi, linaziba, likiyeyuka linaachia. Hiyo inatokana na kujaza gesi bila kuvuta vakyumu, yaani kunyonya kwanza hewa na unyevu wote uliomo. Pampu ya vakyumu inatakiwa ifanye kazi nusu saa angalau na draya, ile chupa ya kunyonya unyevu, ibadilishwe kama mfumo umekaa wazi. Kwa nchi ya pwani yenye unyevu kama wetu hili sio la kuruka.

Na ya tatu ya namna hiyo ni klachi ya kompresa, yaani ile sahani ya mbele inayovutwa na sumaku. Nafasi kati ya sahani na puli kwa kawaida ni kama nusu milimita au pungufu. Ikichakaa nafasi inaongezeka, na koili yenyewe ni waya wa shaba, shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, kutoka nyuzi 25 mpaka 100 unapanda karibu asilimia 30. Koili ya omu 3.6 iliyokuwa inavuta ampea 3.5 injini ikiwa baridi inavuta kama 2.7 injini ikiwa ya moto, sumaku inakuwa dhaifu, sahani iliyo mbali haifiki. Asubuhi inashika, mchana haishiki. Kuna mafundi wanatoa shimu moja, kile kiwasha chembamba cha nyuma ya sahani, na kazi imeisha, na kuna wanaokuuzia kompresa. Ukikuta umeme unafika kwenye koili na sahani haivutwi, tatizo ni klachi. Umeme haufiki, rudi nyuma kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), swichi ya presha, kontroli boksi. Rilei unaweza kuibadilishana na ya honi kama zinafanana namba, ni kipimo cha dakika moja bila shilingi.

Lakini vipimo vyote hivi vina shida moja, unavifanya gari ikiwa nzima. Ugonjwa unaokuja na kuondoka lazima uwepo wakati unatokea, na kwenye foleni ya saa kumi na mbili jioni huwezi kushuka ufungue boneti na multimita. Kilichonisaidia ni balbu mbili ndogo za volti 12, zile za wati 5 za taa za pembeni, kila moja na fyuzi yake ndogo. Moja niliiunga kwenye waya wa klachi ya kompresa na erthi, nyingine kwenye nyaya mbili za feni ya kondensa, nikapitisha waya ndefu mbali na mikanda na feni mpaka ndani nikazibandika kwa gundi juu ya dashibodi. Basi, nikaendesha hivyo wiki nzima.

Kusoma kwake ni hivi. AC ikikata na balbu ya klachi inawaka, umeme unafika ila kuna kitu hakivuti, au klachi inavuta ila gesi haipiti. Ikizimika, mtu amekata umeme makusudi: swichi ya presha, kontroli boksi, rilei. Balbu ya feni ikizimika wakati AC imewashwa, feni haipewi umeme. Ikiwaka na feni imesimama, feni yenyewe ndo imekufa.

Siku ya nne, Kimara, balbu ya feni ambayo siku zote ilikuwa inawaka hafifu ikawaka kali ghafla. Dakika kama nne baadaye balbu ya klachi ikaanza kuzima na kuwaka, hewa ikawa vuguvugu, kwenye simu joto la maji likatoka 92 likafika 101. Sikuelewa mwanzoni, feni inapata umeme mwingi zaidi alafu ndo mambo yanaharibika? Jibu lipo kwenye jinsi feni mbili zinavyoungwa kwenye magari mengi yenye feni mbili. Kwenye spidi ya chini zinaungwa mfululizo, umeme unapita feni ya kwanza ndo uende ya pili, kila moja inapata kama volti 6 tu, ndo maana balbu yangu ilikuwa hafifu. Feni moja ikikatika ndani, njia imekatika, zote mbili zinasimama, na balbu iliyo sambamba na ile iliyokatika inapata karibu volti 12 zote. Kabonbrashi za feni ya kondensa, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zilikuwa zimeisha, zikipata moto zinakwama hazigusi, zikipoa zinagusa tena. Na joto likipanda sana gari inahamia spidi ya juu, hapo kila feni inapata umeme wake peke yake, ile nzima inazunguka kwa nguvu, joto linashuka, gari inarudi spidi ya chini na zote zinasimama tena. Hiyo ndo ilikuwa AC yangu ya kuja na kuondoka, na mshale wangu wa kupanda na kushuka. Kitu kimoja. Gesi niliyoongezewa ilifanya tu AC ikate mapema zaidi.

Watu wengi wakifika hapa wanaunga feni dairekti, inazunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa. Naelewa kwa nini, ukiwa safarini Mikumi na gari inachemka fanya hivyo ufike. Ila ukiiacha hivyo unakuwa umeficha ugonjwa mwingine wowote wa sensa au rilei utakaokuja, na mota inachoka haraka.

Jirani yangu, mzee mmoja mwenye gari ya miaka ya 1990, alikuja baada ya kusikia habari za balbu akasema kijana na mimi nisaidie, mshale wangu unapanda usiku tu. Usiku tu. Nikamwambia shikamoo mzee, washa gari hapahapa mchana, washa na taa. Mshale ukapanda palepale alipowasha taa, akizima unashuka. Gari yake ni ya mtindo wa zamani, sensa ya geji ina waya mmoja na erthi yake ni bloku ya injini yenyewe, kwa hiyo waya mnene unaounganisha injini na bodi ukiwa mbovu, umeme wa taa unapotafuta njia ya kurudi kwenye jenereta unavuruga kipimo cha sensa. Multimita kati ya negativu ya betri na bloku, injini ikiwaka na taa ziko juu, ikasoma volti 0.8, wakati inatakiwa isizidi 0.1 au 0.2. Injini ilishawahi kushushwa na ule waya ulirudishwa juu ya rangi. Tulikwangua, tukabana bolti, mshale ukatulia, na AC yake iliyokuwa ikishika na kuachia kwa kusitasita nayo ikatulia, nadhani kwa sababu koili ya klachi nayo ilikuwa inarudishia umeme kwenye bloku hiyohiyo. Alikuwa ameshanunua sensa mbili.

Mimi nilibadilisha mota ya feni, nikatoa gesi yote, nikavuta vakyumu, nikajaza kwa mizani kama stika inavyosema. Balbu nimeziacha wiki mbili zaidi. Ya feni imerudi kuwaka hafifu, Kimara mpaka Mbezi, saa moja na nusu ya foleni, na namba kwenye simu haijavuka 95.